Kabla ya Kuziba Ufa, Upime

Mwaka jana, mwezi wa nane, baba mdogo alinipigia simu kutoka Nyangoto. Siku hiyo salamu zilikuwa fupi. "Wewe si ndiye unayesomea mambo ya majengo? Nguzo yangu moja ina ufa. Nipige lipu au nivunje?"

Kabla sijajibu akaongeza la pili, na hilo ndilo lililonitia wasiwasi. Anataka kupandisha ghorofa. Chini ana fremu tatu za maduka zinazotazama barabara, jamvi la juu limeshamwagwa, na nondo za nguzo zimeachwa zimechomoza kama inavyofanyika kwenye nyumba nyingi za huko kwetu: leo ya chini, Mungu akijalia kesho ya juu. Nikamuuliza kama amefikiria habari ya tetemeko. Akacheka. "Tetemeko si la Bukoba hilo? Na wewe mwambie basi litakuja lini."

Lini? Hakuna anayejua, na mtu akikutajia tarehe usimwamini. Lakini lipo swali jingine ambalo wahandisi wamelihangaikia kwa zaidi ya miaka 150, na hilo lina majibu: ardhi ikitikisika kwa kiasi fulani, nyumba hii itaumia wapi, na kuirudisha itagharimu nini? Makala hii ni historia ya swali hilo. Tutazunguka kidogo duniani, halafu turudi kwenye nguzo ya baba mdogo.

Jumamosi ya Bukoba

Tarehe 10 Septemba 2016, saa 9:27 alasiri, tetemeko lenye ukubwa wa 5.9 lilipiga Mkoa wa Kagera. Lilianzia kina cha kama kilomita 40 chini ya ardhi. Watu wasiopungua 17 walifariki na zaidi ya 400 wakajeruhiwa. Nyumba zaidi ya 2,000 zilianguka, na maelfu nyingine zikabaki zimesimama na nyufa. Shule za sekondari za Ihungo na Nyakato ziliharibika kiasi cha kufungwa, na wanafunzi wake wakahamishiwa shule nyingine.

Sasa, ukubwa wa 5.9 kwa Mjapani si habari kubwa sana. Kwa nini kwetu ulitosha kuangusha nyumba elfu mbili? Kwa sababu namba ile inapima tetemeko, haipimi nyumba. Nyingi zilizoanguka zilikuwa za matofali ya kuchoma au ya udongo, zimejengwa kwa udongo au kwa saruji kidogo, bila renta ya kuzifunga kuta zote nne pamoja. Mtikisiko mmoja, kijiji kimoja: hii inaanguka, ile ya jirani inabaki na ufa mmoja juu ya dirisha. Tofauti hiyo ndiyo tunayotaka kuitabiri.

Mhandisi aliyesoma nyufa

Desemba 1857 tetemeko kubwa liliharibu miji ya kusini mwa Italia. Wiki chache baadaye mhandisi wa Ireland aitwaye Robert Mallet alifika huko kwa ufadhili wa Royal Society ya London. Hakuwa na mashine ya kurekodi mtikisiko. Alichokuwa nacho ni magofu. Akatembea mji hadi mji akipima nyufa: umeelekea upande gani, umeinama kiasi gani, ukuta umeangukia wapi. Alibeba hata picha za kamera, kitu kigeni kabisa kwa wakati ule. Kutokana na nyufa hizo akakadiria tetemeko lilitokea wapi chini ya ardhi, na mwaka 1862 akachapisha ripoti yake.

Tafakari hapo. Kwa Mallet ufa ulikuwa hati. Angefika baada ya watu kupiga lipu, asingekuwa na cha kusoma.

Mwaka 1902 Mwitaliano Giuseppe Mercalli akapanga madhara kwa madaraja, na kipimo hicho kilichorekebishwa baadaye, chenye madaraja 12, bado kinatumika. Hakiulizi ardhi imetoa nguvu kiasi gani. Kinauliza watu wamehisi nini, vyombo vimeanguka kabatini au la, kuta zimepasuka au zimelala. Ni kipimo kinachotokana na nyumba za watu.

Zege linaingia uwanjani

Mwanzoni mwa karne ya 20 zege lenye nondo lilikuwa teknolojia mpya. Zege likibanwa ni jabali, lakini likivutwa linapasuka upesi. Nondo ndiyo inayobeba mvuto. Wengi waliamini kwamba ndoa hiyo ya zege na chuma ingemaliza kabisa tatizo la matetemeko.

Baada ya tetemeko la Messina, Italia, la tarehe 28 Desemba 1908, lililoua makumi ya maelfu ya watu, kamati ya wahandisi ilipendekeza kitu rahisi: jengo lipigiwe hesabu kana kwamba linasukumwa ubavuni kwa nguvu sawa na sehemu moja ya kumi na mbili ya uzito wake, na ghorofa za juu zaidi ya hapo. Kwa nini ubavuni? Fikiria umesimama kwenye daladala, dereva akakanyaga breki ghafla. Hakuna aliyekusukuma, ila mwili wako unakwenda mbele. Jengo nalo ni abiria, na kadiri lilivyo zito ndivyo linavyojisukuma kwa nguvu zaidi. Japani, baada ya tetemeko la Kanto la 1 Septemba 1923, iliweka kanuni ya namna hiyo kwenye sheria mwaka 1924, kwa asilimia 10 ya uzito.

Hesabu ilikuwa imepatikana. Lakini majengo ya zege yaliendelea kuanguka, na sababu ilikuwa kitu kidogo ambacho mafundi wengi hukiona cha kupoteza chuma tu: ringi.

Ringi ni vile vipande vyembamba vya chuma vinavyozungushiwa nondo za nguzo. Chukua gunia la mahindi lililoshindiliwa. Linabeba mzigo mkubwa mradi gunia halijachanika. Likichanika, mahindi yanamwagika na mzigo unashuka. Ringi ndizo gunia la nguzo. Zikiachana sana, zege la ndani linamwagika kama mahindi, na nondo ndefu zinapinda kama mabua.

Mei 1968, tetemeko la Tokachi-oki kaskazini mwa Japani lilivunja nguzo za majengo ya zege, zikiwamo shule ambazo hazikuwa za zamani. Nguzo nyingi zilizovunjika zilikuwa zimebanwa na kuta fupi chini ya madirisha, kwa hiyo kipande kidogo tu cha juu ndicho kilichoweza kuyumba, na kikapasuka kwa mshazari. Mwaka 1971 Japani ikabadilisha kanuni: ringi ambazo awali ziliruhusiwa kuachana hata sentimeta 30, sasa karibu na ncha za nguzo zisizidi sentimeta 10.

Mwaka huo huo, tarehe 9 Februari, California ilipata somo lile lile. Hospitali ya Olive View ilikuwa mpya kabisa. Nguzo zake zenye ringi za kusokotwa kama springi zilipinda lakini zikaendelea kubeba. Zile zenye ringi za kawaida zilizoachana zilipasuka. Jengo likabidi kubomolewa.

Ndipo wahandisi wa New Zealand, hasa Robert Park na Thomas Paulay, wakalisambaza duniani wazo ambalo kwa mara ya kwanza linasikika kama wazimu: chagua mwenyewe mahali jengo litakapoumia. Nguzo iwe na nguvu kuliko bimu, ili tetemeko likija nyufa ziende kwenye bimu. Bimu ikipasuka watu wanatoka salama. Nguzo ikipasuka, kila kilicho juu kinashuka.

Kutoka "itaanguka?" hadi "itatengenezeka?"

Wazo hilo limeokoa watu wengi, ila lilizaa swali jipya. Kama tumelisanifu jengo liumie bila kuanguka, basi baada ya tetemeko mji utajaa majengo yaliyosimama yakiwa majeruhi. Yupi atibiwe, yupi azikwe?

Wajapani walijibu kwa rula. Mwongozo wao wa kutathmini majengo ya zege baada ya tetemeko unagawa uharibifu wa nguzo katika madaraja matano. La kwanza ni nyufa nyembamba zisizozidi milimita 0.2, unene wa karatasi mbili hivi. La pili, hadi milimita 1. La tatu, hadi milimita 2. La nne, nyufa pana zaidi na zege limebanduka mpaka nondo zinaonekana. La tano, nondo zimepinda na zege la ndani limesagika. Daraja la chini unaweza kulitibu kwa kudunga gundi ya epoksi ndani ya ufa. La juu linahitaji kubandua zege bovu na kuivisha nguzo koti jipya la zege lenye nondo na ringi zake, au kuibomoa kabisa.

Marekani ilifuata njia ya uwezekano. Mwaka 1985 mradi ulioitwa ATC-13 ulikusanya makadirio ya wataalamu: jengo la aina hii, mtikisiko wa kiasi hiki, litapoteza sehemu gani ya thamani yake? Mwaka 1997 ikatoka programu ya kompyuta iitwayo HAZUS inayokadiria hasara ya mji mzima. Mwaka 2012 ikaja mbinu ya FEMA P-58, inayoshuka hadi kwenye kila nguzo, kila ukuta, kila dari.

Msingi wake si mgumu. Ghorofa ina kimo cha mita 3. Mtikisiko ukiisogeza juu kwa sentimeta 3 kuliko chini, imeyumba kwa asilimia 1. Chukua sasa nguzo mia moja zinazofanana na uziyumbishe hivyo maabara. Ngapi zitahitaji gundi tu? Ngapi koti? Ngapi zimekwisha? Majibu hayo, yakichorwa kwa kila kiasi cha kuyumba, ndiyo yanayokupa bili ya matengenezo kabla tetemeko halijatokea.

Hata hivyo historia imeendelea kuwaumbua watabiri. Olive View ilijengwa upya imara mno. Tetemeko la Northridge lilipokuja Januari 1994, jengo lenyewe lilisimama vizuri, lakini mabomba ya maji yalipasuka na wagonjwa wakahamishwa. Nguzo nzima, hospitali haifanyi kazi.

Na Christchurch, mji wenye chuo kikuu alikofundisha Park na Paulay, ulipigwa tarehe 22 Februari 2011. Watu 185 walifariki, 115 kati yao ndani ya jengo moja la CTV. Majengo mengi ya zege hayakuanguka. Lakini baadaye takriban asilimia 60 ya majengo ya zege yenye ghorofa tatu au zaidi katikati ya mji yalibomolewa. Mengine hayakuwa na madhara makubwa. Sababu moja ni kwamba hakuna aliyekuwa tayari kutia saini kwamba jengo lenye nyufa lina nguvu kiasi gani zilizobaki, na bima nazo zilikuwa na hesabu zake.

Na rejista yetu iko wapi?

Afrika Mashariki si wageni wa matetemeko. Tarehe 13 Desemba 1910 eneo la Rukwa lilipigwa na tetemeko la ukubwa wa kama 7.4, moja ya makubwa kabisa yaliyopata kupimwa barani Afrika. Nyumba nyingi za huko wakati ule zilikuwa za miti, udongo na nyasi. Ni nyepesi, na nyepesi haijisukumi sana. Januari 1928 Subukia nchini Kenya ilipata la 6.9, na ardhi ikapasuka juu kwa juu. Machi 1966 Toro nchini Uganda, zaidi ya watu 150 walifariki.

Kwenye karatasi hatukulala. Kenya ilitoa mwongozo wake wa kujenga kwa kuzingatia matetemeko mwaka 1973, na Uganda ikatoa wake mwaka 2003. Ila kwa miongo mingi vijana waliofundishwa uhandisi ukanda huu, Tanzania ikiwamo, walikua na kitabu cha Uingereza, BS 8110, ambacho hakina sura ya tetemeko. Kinadai tu jengo liweze kuhimili msukumo wa ubavu wa asilimia 1.5 ya uzito wake. Linganisha na ile asilimia 10 ya Japani ya 1924.

Tena zege letu lina mtihani mwingine kabla hata ya tetemeko. Tarehe 29 Machi 2013 jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Dar es Salaam liliporomoka na kuua watu 36. Novemba 2024, Kariakoo. Siku hizo ardhi ilikuwa imetulia kabisa.

Lakini pengo letu kubwa, kwa maoni yangu, ni kumbukumbu. Baada ya tetemeko la Nepal la Aprili 2015, nchi ile ilikagua nyumba zaidi ya 700,000, moja moja: za nini, ghorofa ngapi, zimeumia vipi. Leo wanafunzi duniani kote wanafundisha kompyuta kutabiri madhara kwa kutumia data hizo. Mimi mwenyewe nimezichezea. Shida ni kwamba kompyuta iliyojifunza nyumba za Nepal haijui fremu za Nyangoto: nguzo zilizomwagwa kwa ndoo, kokoto zilizopondwa kwa nyundo, maduka yaliyo wazi chini na kuta nzito zinazosubiri kupanda juu. Sisi tukipata ufa, tunaukimbilia na lipu. Tunasema usipoziba ufa utajenga ukuta, na ni kweli. Ila tukiziba bila kupima, tunachana ukurasa ambao mtabiri wa kesho angeusoma.

Ufa ni wa nani?

Huko kwetu jambo hili si la darasani tu. Mgodi wa dhahabu uko jirani tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000, na mtu akiona ufa neno la kwanza ni baruti. Pengine ni kweli, pengine siyo. Mgogoro unakuwa mgumu kwa sababu hakuna aliyeandika nyumba ilikuwaje kabla. Na habari ya kwamba tetemeko ni la Bukoba tu, nilimkumbusha baba mdogo ule mteremko mkali wa Isuria upande wa mpaka wa Kenya. Huo ni ukingo wa ufa wa kale wa ardhi. Sisemi utaamka kesho. Nasema ardhi yetu nayo imewahi kupasuka.

Kila ufa una mwandiko wake. Nyufa ndogo ndogo kama ramani kwenye lipu ni za kukauka. Unaopanda kama ngazi kwenye matofali, mpana upande mmoja, mara nyingi ni msingi uliozama. Za mshazari zinazokatana kama herufi X kati ya madirisha au kwenye nguzo ni dalili ya kuyumbishwa huku na huku. Na ule ulionyooka kufuata nondo, wenye rangi ya kahawia, ni kutu. Mwandiko ni dalili tu, si hukumu. Unachohitaji zaidi ni tarehe na vipimo.

Nilipokwenda nyumbani Desemba nilikuta jirani ameshahukumu kwamba ni baruti, na fundi ameshanunua saruji ya lipu. Tukaomba siku moja. Tulipobandua lipu ya zamani, ufa ulikuwa umenyooka wima, umefuata nondo ya pembeni, na ndani kuna kutu. Zege la kuifunika nondo halikufika hata unene wa kidole. Ringi zilikuwa zimeachana kama futi moja, tena ncha zake hazikukunjwa kuingia ndani. Tukapima: milimita 0.4. Tukachora alama kwa penseli kwenye ncha zote mbili za ufa na kuandika tarehe.

Kwa hiyo kilichokuwa kikiifungua nguzo ile ni maji na hewa, si baruti wala tetemeko. Lakini jibu la swali langu la mwanzo lilikuwa pale pale: ikitikiswa, itaumia juu, chini ya jamvi, na kwa ringi zile haitaumia kidogo. Ukiongeza ghorofa umeongeza abiria kwenye daladala ile ile.

Baba mdogo alinyamaza muda. Halafu akauliza bei ya kuzivisha koti nguzo zote, nikamwambia tumwite mhandisi aliyesajiliwa apige hesabu, mimi bado mwanafunzi. Bei ilipokuja alilalamika wiki nzima. Ghorofa imesubiri. Nguzo ya ufa ndiyo itaanza.

Aprili alinipigia tena. "Imefika pointi tano," akasema. Nikamuuliza amejuaje. Kumbe kile kikadi changu cha kupimia nyufa amekiweka dukani, na kila mwisho wa mwezi anapima na kuandika kwenye daftari la madeni, ukurasa wa nyuma: tarehe, upana, mvua imenyesha au haikunyesha.

Nyumba yenu ikiwa na ufa, anzeni na ukurasa kama huo. Penseli, rula, tarehe, picha moja ya simu. Kisha zibeni.